Huyo wa Kwenye Simu

Mama yuko Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii. Anampigia simu bintiye aliye Nairobi, na kabla salamu hazijaisha anasikia kilio. "Huyo anayelia ni nani?" Barabara inayowatenganisha inazidi kilomita 300, lakini hasemi "yule". Akiuliza kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, atasema oyio, si oria.

Shuleni tulikaririshwa viashiria kama ngazi: huyu yu karibu, huyo yuko mbali kidogo, yule yuko mbali. Jibu hilo lina alama zake kwenye mtihani, ila simu inalikanusha. "Huyo" halipimi mita. Linamwangalia msikilizaji: aliye upande wako, au tuliyekwisha kumtaja. Ndiyo maana msimulizi husema "mfalme huyo" juu ya mtu aliyezikwa karne nyingi zilizopita. Mzigo huo umebebwa na -o ya mwishoni, ile ile iliyomo katika "waliokuja", ambayo E. O. Ashton aliieleza vizuri katika sarufi yake ya Kiswahili ya 1944.

Sasa sikiliza Ekegusii: aba, abio, baria. Kiswahili: hawa, hao, wale. Katika neno la kwanza la kila safu, irabu ya mbele ni mwangwi wa ile ya upatanisho: a-ba, ha-wa. La katikati lina -o. La mwisho limetupa kitangulizi na kuchukua mkia, -ria huku, -le kule. Wasemaji wa lugha hizi huenda wasielewane sokoni, lakini mifupa ni ya ukoo mmoja wa Kibantu.

Hata hivyo umbali una nafasi yake. Utafiti uliochapishwa 2023 katika jarida la Nature Human Behaviour ulipima jinsi wasemaji wa lugha 29 wanavyochagua viashiria, na kigezo kimoja kikajitokeza kote: je, mkono wangu unakifikia kitu hicho? Huo ndio mzizi. Matawi huenda mbali. Ille ya Kilatini, "yule" ya lugha hiyo, ilichakaa kwa matumizi hadi ikazaa le na la za Kifaransa. Nasi tunaposema "yule fisi" hadithini, fisi ambaye hakuna anayemwona, tumeshaanza safari hiyo hiyo.

Tena kuna umbali wa moyo. Wachuuzi wawili wa ndizi waliokosana wanakaa bega kwa bega. Mteja anamuuliza mmoja bei ya mkungu wa jirani. Bila kugeuza shingo, anajibu: "Muulize yule."