Njaa Isiyopimwa kwa Mizani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliwaacha vijana wa kujitolea wakishusha magunia ya chakula cha msaada mlangoni mwa stoo, mmoja ameshika kalamu, mwingine anasoma mizani: unga, mchele, sukari. Tulikubaliana kwamba kazi hiyo inataka watu waaminifu na daftari lililo wazi kwa kila mtu. Leo, ndugu msomaji, tufungue gunia lenyewe. Mizani hutwambia chakula kina uzito gani, lakini haitwambii kitamfanyia nini mtoto atakayekila.

Tuanzie Iringa. Mkoa huo, pamoja na Njombe na Rukwa, ni katika ile inayoilisha Tanzania kwa mahindi, maharage na viazi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba wakati asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, na Njombe na Rukwa karibu asilimia 50 kila mmoja. Ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala amedumaa.

Sababu hazihesabiki kwa kidole kimoja. Mama anawahi shambani alfajiri, mtoto anabaki na uji mwepesi uliopikwa asubuhi. Mayai na maharage yanakwenda sokoni ili ada na mbolea zipatikane. Maji machafu yanaleta kuhara, na kuhara kunamnyang'anya mtoto hata kile kidogo alichokula. Zaidi ya hayo, tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa ugali mtupu, halina tena nafasi ya kingine.

Simaanishi kwamba unga ni zawadi mbaya. Aliyelala na njaa apewe ugali kwanza, mahubiri ya lishe yafuate. Ninachosema ni kwamba kundi linalokusanya unga peke yake linatibu nusu ya ugonjwa.

Protini hujengwa kwa chembe ndogo ziitwazo asidi amino. Mahindi yana uhaba wa mojawapo, laisini, ambayo imejaa tele katika maharage, kunde, choroko na njugu mawe. Waliotuachia makande hawakuwa na maabara, lakini walitia maharage au kunde katika chungu kimoja na mahindi, na sayansi imekuja baadaye kuwaunga mkono. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mkusanyaji ni nyepesi: kila gunia la unga lifuatane na kunde au maharage.

Kanuni ya pili ni dagaa. Huliwa mzima, kichwa na mifupa, na kwa hiyo humpa mlaji madini ya chokaa na ya chuma pamoja na protini. Akikaushwa vizuri hahitaji friji. Mama akimtwanga na kumchekecha, kijiko kimoja kinaingia katika uji wa mtoto bila kelele. Ongeza chumvi yenye madini joto na mafuta ya kula yaliyoongezwa vitamini A, na msimu ukiruhusu, viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa.

Unga nao una mambo yake. Sembe hukaa muda mrefu kwa sababu kiini na pumba vimeondolewa, lakini sehemu kubwa ya virutubishi huondoka navyo. Dona linavibakiza, ila mafuta ya kile kiini huchacha mapema. Basi, chakula cha kugawa ndani ya wiki mbili tatu kiwe dona, na cha kuweka akiba kiwe sembe iliyoongezwa virutubishi kiwandani.

Hapa lazima nitoe onyo. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua ghafla, na wapatao 20 wakafariki, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kenya ilikuwa imekwisha kuonja uchungu huo mwaka 2004, vifo 125, vingi vikiwa Makueni na Kitui. Sumu hii hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, na kupika hakuiondoi. Mtu akileta mahindi yenye ukungu akisema "wenye shida watachambua", ashukuriwe na arudishwe nayo. Tahadhari hiyo hiyo iuhusu unga wa lishe wa kuchanganya: karanga zikisagwa pamoja na nafaka, mchanganyiko huchacha upesi na hatari ya sumukuvu huongezeka, na soya isiyopikwa wala kukaangwa humzuia mtoto kumeng'enya protini. Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea pia visipokelewe ovyo. Kanuni za kimataifa za mwaka 1981 ziliwekwa ili maziwa ya mama yasisukumwe kando, na kopo la bure lililokorogwa kwa maji ya dimbwi limeshawaua wengi.

Orodha hiyo ni nzuri, lakini bado ni yangu mimi niliyeshiba. Mwaka 1967, katika mji wa Phoenix huko Marekani, John van Hengel alikuwa akijitolea kwenye jiko la kuwalisha maskini. Akakutana na mama wa watoto kumi aliyekuwa akiokota chakula kilichotupwa nyuma ya duka. Ni mama huyo aliyempa wazo la mahali ambapo chakula kingewekwa na kuchukuliwa kama fedha benki. Kanisa la St. Mary's likatoa jengo na dola 3,000, na hapo ikazaliwa benki ya chakula ya kwanza, ambayo mfano wake umesambaa duniani. Wazo lilitoka kwa aliyekuwa na njaa. Sifa ya van Hengel ni kwamba alimsikiliza.

Sisi tungesikia nini tungeuliza? Pengine bibi mmoja anayelea wajukuu angetwambia kwamba maharage tuliyompelekea yako kabatini bado. Anayapenda, lakini yanachukua saa mbili jikoni, na kopo la mkaa limemshinda. Angefurahia choroko, ambazo huiva mapema, au maharage yale yale na mtu wa kumkumbusha ayaloweke usiku kucha na kumwaga maji yake. Hakuna mizani ya stoo ingetwambia habari ya mkaa.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza siku ya kukusanya, watu wawili wa kundi wapite nyumba chache wakiongozana na mhudumu wa afya wa mtaa. Wasiulize "mnahitaji nini?", maana mwenye shida hujibu chochote anachodhani utampa. Waulize jana kulipikwa nini, kwa moto gani, na nani alikula mwisho. Orodha iandikwe baada ya hapo.

Juma lijalo, panapo majaaliwa, tutazungumzia mgao: namna ya kumpa jirani bila kumpanga foleni mbele ya kamera.