Mtoto mwenye pumu ya ngozi na nesi wa zahanati

Kuanzia Juni, baridi na upepo mkavu unapovuma Mbulu na chini ya Mlima Hanang, mtoto mwenye pumu ya ngozi hujikuna usiku kucha. Ndani ya viwiko na nyuma ya magoti huchubuka, ngozi ikawa ngumu. Ugonjwa huu hauambukizi wala hauletwi na uchafu. Majirani hawajui hilo, na mtoto huweza kukataliwa hata kulala na wenzake.

Daktari akishaandika dawa, anayebaki na mama ni nesi. Mama huuliza: atapona lini? Nesi mzuri hamdanganyi. Humweleza kuwa ugonjwa huja na kuondoka, kwamba watoto wengi hupata nafuu wakikua, na kwamba kazi ya sasa ni kumwezesha mtoto kulala. Bibi aliyemleta mjukuu pengine husikia Kiiraqw au Kidatooga kuliko Kiswahili; hapo nesi anayejua lugha ya nyumbani ni nusu ya dawa.

Kisha huonyesha kwa mikono. Beseni moja la maji ya uvuguvugu linatosha, na hilo ni nafuu kwa anayechota mbali. Mwili ufutwe kwa kugusagusa, na ukiwa bado na unyevu upakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Losheni zinazonukia, msomaji, achana nazo. Krimu ya hospitali hupimwa kwa kidole: mstari wa urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima hutosha eneo la viganja vyake viwili.

Nesi huuliza pia kilichonunuliwa dukani, bila kukaripia, maana mama aliyekaripiwa huficha kopo. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali: hutuliza siku chache, zikizoeleka hukondesha ngozi. Wengine kwa kuogopa hayo huacha hata waliyoandikiwa na daktari. Nao huhitaji kuelekezwa.

Wilayani Mbulu ipo Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyoanza mwaka 1955. Moshi, katika KCMC, tangu 1992 kipo kituo kinachofundisha watumishi wa afya magonjwa ya ngozi. Lakini Moshi ni mbali, na nauli yake huweza kumla mbuzi.

Ngozi ikianza kutoa majimaji au kuweka ukoko wa njano, au mtoto akipata homa, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda zahanati siku hiyohiyo, na kopo la krimu ulibebe.