Utani Una Sheria Zake

Katika misiba mingi ya Tanzania yupo mtu anayeruhusiwa kufanya yale ambayo mwingine angefukuzwa nayo. Anaigiza mwendo wa marehemu, anasimulia uchoyo wake, pengine anajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku wanalia. Huyo ni mtani, na hakuna wa kumkasirikia. Jirani asiye mtani akiyasema hayohayo, ugomvi wake hauishi leo wala kesho.

Wanafalsafa wa kale hawakukiamini kicheko. Plato alikiona kimechanganyika na husuda. Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha Leviathan cha mwaka 1651, alieleza kuwa tunacheka pale tunapojiona ghafla kuwa bora kuliko mwenzetu. Kuna ukweli hapo: mtu akiteleza kwenye tope sokoni, tunamcheka kwanza, pole inafuata baadaye. Ila maelezo hayo hayamtoshi mtani, kwa kuwa wafiwa hawatoki pale wamedharauliwa, wanatoka wamefarijika.

Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alilichambua jambo hili mwaka 1940. Kwa maoni yake, uadui wa watani ni wa kuigiza na urafiki wao ndio wa kweli. Miaka minne baadaye R. E. Moreau akaandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika, na hapo historia inasaidia kuelewa. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali karne ya 19, ni watani. Wanyamwezi, waliobeba mizigo ya misafara hadi pwani, ni watani wa Wazaramo. Watu waliokuwa na sababu ya kuogopana walipata namna ya kusemana bila kushikana mashati.

Namna hiyo ina masharti. La kwanza ni zamu: unayemtania leo ana haki ya kukutania kesho, tena kwa ukali uleule. Babu akimwita mjukuu wake mke, mjukuu humjibu kuwa hataki mume kibogoyo, na babu hana pa kushtaki. La pili ni wajibu: mtani anayemcheka marehemu ndiye pia anayechimba kaburi, anayepika na kuhangaikia wageni. La tatu ni kwamba uhusiano wenyewe unajulikana na kila mtu, kwa hiyo hakuna anayevamiwa.

Yaondoe masharti hayo uone kinachobaki. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Ilipendwa kwa muziki wake, kwa watangazaji waliozungumza kama vijana wa mtaani, na kwa vichekesho. Ndani ya vichekesho hivyo Watutsi waliitwa mende. Hawakuwa na zamu ya kujibu katika redio hiyo, na waliowacheka hawakuwa na wajibu wowote kwao. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, redio hiyohiyo ilihimiza wauaji. Mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wake.

Si kwamba mzaha peke yake huzaa chuki. Wanasaikolojia Thomas Ford na Mark Ferguson walitoa hoja mwaka 2004 kwamba mzaha wa kudhalilisha humpa ruhusa yule ambaye tayari ana chuki moyoni. Akisikia wenzake wanacheka, anaona kumbe jambo hili halina ubaya, na aliyoyaficha anaanza kuyatenda. Wahenga walishasema: mzaha mzaha hutumbua usaha.

Ndiyo maana kauli ya “nilikuwa natania tu” haitoshi kuwa utetezi. Ukali wa maneno si kipimo, maana mtani wa msibani husema makali kuliko wengi wetu. Mchekeshaji anayemsema waziri anamsema mtu mwenye nafasi ya kujibu. Darasa zima linalomcheka mtoto mwenye kigugumizi linamcheka asiyeweza kurudisha neno. Kabla ya kumcheka mtu, jiulize mambo mawili: je, anaweza kukujibu bila kuogopa? Na siku akifiwa, utakwenda kumchimbia kaburi? Kama majibu yote mawili ni hapana, unachofanya si utani.