Kelele za Darasani: Makofi, Vizibo na Mtoto Anayejifunza Kusoma

Kuna kelele za fujo na kuna kelele za masomo, na sisi wazazi wa Pwani hatuna budi kuzitofautisha kabla ya kukimbilia kwa mwalimu mkuu kulalamika kwamba mtoto wetu shuleni "anacheza tu".

Twende bara kidogo, Chepsaita, kaunti ya Uasin Gishu, pande zinazosifika kwa mbio za nyika. Mtoto wa huko mara nyingi huingia shule na Kinandi mdomoni. Lugha za Kikalenjin hazitenganishi p na b, t na d wala k na g kama Kiswahili. Kwa hivyo akiandika "papa" badala ya "baba", si mjinga. Sikio lake halijazoea, na bakora hailifungui. Mchezo hulifungua. Mwalimu ataja pata na bata, toa na doa, koma na goma. Wakisikia b wakae, wakisikia p wasimame. Dakika tano kila asubuhi zatosha.

Na wetu je? Mtoto wa Mvita nyumbani husema ndaa na ndia, kitabu kikamwambia njaa na njia. Mchezo ni ule ule.

Kisha kuna makofi. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu, ndiposa kusoma kwetu ni kwepesi kuliko Kiingereza. Mtoto aliyepitia chuoni ameshaimba ba, bi, bu kabla hajavaa sare ya shule, kuunganisha anakujua. Mpe maneno ayapigie makofi: mbu-zi mawili, m-to-to matatu. (Watu wazima wengi hapo kwa mtoto hukosea, jaribuni.) Chepsaita mwalimu aanze na majina yao, Che-bet, Kip-rop, waone wenyewe kwamba majina hayo hufunga kwa konsonanti ilhali maneno ya kitabuni hufunguka.

Mchezo niupendao zaidi ni wa vizibo vya soda. Andika silabi moja kwenye kila kizibo: ka, ta, ba, ma. Wagawe watoto watano watano, waunde maneno: bata, kata, taka, mama. Faida yake kubwa ni hii. Darasa la watoto sitini likisoma kwa pamoja kumfuata mwalimu, asiyejua hujificha ndani ya sauti za wenzake, na anaweza kufika gredi ya tatu bila mtu kugundua. Katika kundi la watano zamu yake itafika tu, na mwalimu atamsikia.

Si kila mchezo una maana. Kupaka rangi herufi moja kipindi kizima ni kupoteza wakati. Mchezo ufae kuishia kwenye ukurasa: neno lililoundwa kwa vizibo litafutwe kitabuni na kusomwa. Mradi wa Tusome, ulioanza 2015, ulijitahidi kila mtoto awe na kitabu chake. Mfadhili wake mkuu, shirika la USAID, lilifungwa 2025. Vitabu huchakaa na kununua vingine kunataka pesa. Vizibo vimejaa nje ya kila duka, na kalamu ya wino mzito ni moja tu kwa darasa zima. Nyumbani hata makaa yataandika, bora mtoto anawe kabla ya kula.