Namba za Kemia: Ipi Haibadiliki, na Ipi Inabadilika Ukipanda Mbulu?

Mtahiniwa wa kidato cha nne anapofungua karatasi ya Kemia ya Baraza la Mitihani la Taifa, kwa kawaida hukuta amesaidiwa kabla ya swali la kwanza. Ameandikiwa uzito wa atomu, namba ya Avogadro 6.02 × 10²³, ujazo wa moli moja ya gesi dm³ 22.4, na Faraday moja kuwa kulomu 96,500. Hadaiwi kuzikariri. Hata hivyo, vijana wengi tunaokutana nao parokiani wakati wa likizo hutuambia kwamba hapo hasa ndipo Kemia inapowashinda. Namba wanazo, ila hawajui zinasema nini.

Jambo hili si dogo. Masomo ya uuguzi, utabibu na ufamasia yote yanadai ufaulu wa Kemia, na wagonjwa wetu wa Haydom, Dongobesh na Katesh watahudumiwa kesho na vijana hawa hawa.

Katika falsafa tunafundishwa kuuliza juu ya kila kitu: je, kiko hivi daima, au kiko hivi kwa sababu ya hali fulani? Tulitumie swali hilo kwa namba za Kemia.

Tuanze na moli. Trei moja ni mayai 30, yawe ya kuku wa kienyeji au wa kisasa. Moli nayo ni hesabu ya namna hiyo: chembe 6.02 × 10²³, ziwe za maji, chumvi au hewa. Uzito ndio unaotofautiana. Moli ya maji ni gramu 18, na ya kaboni ni gramu 12. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii:

idadi ya moli = uzito kwa gramu ÷ uzito wa moli moja

Amedeo Avogadro, Mwitaliano, alipata udaktari wa sheria za Kanisa mwaka 1796 akiwa na miaka 20, kisha akaigeukia sayansi. Mwaka 1811 alipendekeza kwamba gesi mbili zenye ujazo sawa, zikiwa kwenye joto na mgandamizo ule ule, zina idadi sawa ya chembe. Namba yenyewe hakuijua. Johann Josef Loschmidt ndiye aliyefungua njia ya kuikadiria mwaka 1865, na Jean Perrin akaipa jina la Avogadro mwaka 1909. Namba hii haibadiliki. Ni ile ile Basotu na ni ile ile Roma.

Faraday ni ndugu yake. Ni chaji ya moli moja ya elektroni, basi. Ukizidisha namba ya Avogadro kwa chaji ya elektroni moja, kulomu 1.602 × 10⁻¹⁹, utapata karibu 96,500. Nayo haibadiliki.

Sasa tuitazame 22.4. Hii ni ya aina nyingine, maana inakuja na masharti: joto liwe Kelvini 273, yaani nyuzi 0 za Selsiasi, na mgandamizo wa hewa uwe milimita 760 za zebaki, kama ulivyo usawa wa bahari. Masharti hayo kwenye mtihani huandikwa kwa kifupi s.t.p. Lakini sisi hatuishi usawa wa bahari. Mahali penye mwinuko wa mita 1,700, kama zilivyo sehemu nyingi za nyanda za juu za Mbulu, mgandamizo ni takribani milimita 620. Ndiyo maana maji huchemka hapo kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, na maharage huchelewa kuiva. Kileleni mwa Mlima Hanang, zaidi ya mita 3,400, maji huchemka chini ya nyuzi 90.

Tuchukue mfano. Gramu 10.6 za sodiamu kaboneti zinamwagiwa asidi ya hidrokloriki ya kutosha:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Moli moja ya sodiamu kaboneti ni gramu 106, hivyo tuna moli 0.1. Mlinganyo unasema moli moja hutoa moli moja ya kaboni dioksaidi, hivyo tunapata moli 0.1 za gesi. Katika s.t.p. ujazo wake ni 0.1 × 22.4 = dm³ 2.24.

Je, tukiifanya kazi hiyo Mbulu, siku ya nyuzi 20, yaani Kelvini 293? Tunatumia kanuni ya gesi:

P₁V₁ ÷ T₁ = P₂V₂ ÷ T₂

V₂ = 2.24 × (760 ÷ 620) × (293 ÷ 273) = takribani dm³ 2.95

Gesi imetanuka kwa karibu theluthi moja, lakini moli ni 0.1 zile zile na chembe ni zile zile. Kilichobadilika ni nafasi zinayochukua.

Basi, ndugu mwanafunzi, kabla ya kuitumia namba yoyote, jiulize mambo matatu. Inahesabu nini: chembe, uzito, ujazo au chaji? Ina masharti gani? Je, swali limeyatimiza masharti hayo? Ukiona s.t.p., tumia 22.4 bila hofu. Ukipewa joto na mgandamizo mwingine, pita kwanza kwenye kanuni ya gesi, na usisahau kuongeza 273 kwenye nyuzi za Selsiasi.

Nanyi wazazi mnaosema Kemia ni ngumu kwa sababu ina namba nyingi, watieni moyo vijana wenu. Namba zenyewe wanapewa bure. Wakaeni nao jioni moja na trei ya mayai mezani, wawaeleze moli ni nini. Atakayeweza kuieleza nyumbani hataiogopa kwenye chumba cha mtihani.