Tezi Dume na Nguvu za Kiume: Aibu Isitugharimu Maisha

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu ya wiki hii yanahusu jambo ambalo wanaume wengi waliovuka miaka 40 wanalijua lakini hawalisemi. Nalo ni habari ya tezi dume na kupungua kwa nguvu za kiume. Vibarazani hutajwa kwa mzaha, kwa mafumbo ya jogoo asiyepanda mtungi. Mzaha ukiisha, kila mmoja hurudi nyumbani na siri yake.

Siri hiyo ina soko lake. Pita jioni katika mitaa ya Dar es Salaam, utakuta meza za supu ya pweza na vijana wanaouza mihogo mibichi, nazi na karanga. Wanunuzi wanajua wanachokitafuta. Hivyo ni vyakula tu, na anayekula anashiba. Lakini kando yake zipo chupa zisizo na jina la mtengenezaji, na upo unga uitwao vumbi la Kongo. Hapo ndipo penye hatari, nasi tutapafikia. Kwanza hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Kwa kijana ukubwa wake ni kama wa ndimu ndogo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Njia ya mkojo hupita katikati yake, kwa hiyo tezi ikikua huibana njia hiyo. Mwanaume huanza kuamka usiku mara mbili, mara tatu, kwenda haja ndogo. Akifika chooni mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa nguvu kidogo, hukatikakatika, na akimaliza bado huhisi hajamaliza.

Kukua huko huja na umri. Wataalamu waliochunguza tezi za marehemu walikuta kwamba karibu nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60 tezi zao zimekua, na kwa waliofika miaka 80 ni wengi zaidi. Hali hiyo si saratani, wala haigeuki kuwa saratani. Zipo dawa za kulegeza misuli inayobana njia ya mkojo, zipo za kupunguza ukubwa wa tezi, na upo upasuaji unaopitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo. Lakini ikipuuzwa, mkojo unaweza kuziba kabisa na figo zikaharibika.

Saratani ya tezi dume ni ugonjwa mwingine. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni aghalabu haina dalili yoyote. Ikijitokeza kwa maumivu ya mgongo au ya nyonga, mara nyingi imekwishafika mifupani. Wanaume weusi wamo katika hatari kubwa zaidi ya wengine, na vivyo hivyo yule ambaye baba yake au ndugu yake wa kiume aliwahi kuugua. Hapa kwetu damu katika mkojo hudhaniwa mara moja kuwa ni kichocho. Kwa mtu wa makamo dhana hiyo haitoshi, apimwe.

Kupimwa mapema kuna faida. Mzee Nelson Mandela alifanyiwa upasuaji wa tezi dume mwaka 1985 akiwa bado mfungwa. Mwaka 2001 akagundulika kuwa na saratani ya tezi hiyo, ikatangazwa wazi, akatibiwa kwa mionzi. Alifariki dunia Desemba 2013 akiwa na miaka 95. Askofu Mkuu Desmond Tutu aligundulika mwaka 1997, naye akaishi hadi Desemba 2021. Wazee hao waliheshimiwa duniani kote, na heshima yao haikupungua hata chembe kwa watu kujua maradhi yao.

Sasa tuje kwenye nguvu za kiume. Uume husimama kwa sababu damu huingia kwa wingi na kuzuiwa humo. Hiyo ni kazi ya mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, homoni na utulivu wa mawazo. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba, yapata milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ni milimita 3 hadi 4. Mafuta yanapoanza kuziba mishipa mwilini, ile myembamba ndiyo hulalamika kwanza. Ndiyo maana upungufu wa nguvu za kiume unaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Yaani mwili unatoa taarifa mapema, na mwenye mwili anaificha.

Visababishi vingine vinajulikana: kisukari, shinikizo la damu, sigara, pombe nyingi, unene na mawazo mengi. Zipo pia dawa za shinikizo la damu zinazoweza kupunguza nguvu hizo. Mgonjwa asiache dawa kimya kimya, bali amweleze daktari ambadilishie. Wala mtu asidhani yuko peke yake. Utafiti uliofanywa jimbo la Massachusetts, Marekani, kati ya mwaka 1987 na 1989, kwa wanaume wa miaka 40 hadi 70, ulionyesha kwamba 52 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa kiwango fulani.

Turudi kwenye zile chupa. Dawa ya sildenafili, maarufu kwa jina la Viagra, ilijaribiwa kwanza kwa ajili ya maumivu ya moyo, na Marekani iliiruhusu kwa tatizo hili mwezi Machi 1998. Inawafaa wengi wanaoandikiwa na daktari. Lakini ikikutana mwilini na dawa za naitreti, ambazo wagonjwa wa moyo hupewa, shinikizo la damu huporomoka na mtu anaweza kufa. Wakaguzi wa dawa wa Marekani wamekuta mara nyingi kwamba bidhaa zinazouzwa kama mitishamba zimetiwa dawa hiyo kwa siri. Anayenunua gizani hajui amemeza nini wala kiasi gani. Na hata akipata nafuu ya usiku mmoja, kisukari chake kinaendelea kumla.

Ipo pia hofu ya kipimo. Wanaume wengi hukimbia hospitali kwa kuogopa kidole cha daktari. Kipimo hicho huchukua muda mfupi sana, na siku hizi kwa kawaida huanza kile cha damu kiitwacho PSA. Kiwango kikiwa juu si lazima iwe saratani. Tezi iliyokua au maambukizi huweza kukipandisha, ndipo vipimo zaidi hufuata. Wengine huogopa kwamba wakipasuliwa ndoa imekwisha. Upasuaji wa tezi iliyokua kwa kawaida hauondoi nguvu za kiume, ingawa shahawa zinaweza kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka. Upasuaji wa saratani unaweza kugusa mishipa ya fahamu, na hilo ni la kumuuliza daktari kabla ya kukubali.

Kina mama nao wana sehemu yao. Mume akianza kukwepa chumba, mke hudhani kuna nyumba ndogo. Ugomvi huzuka, na ndoa ya miaka 20 huvunjika kwa ugonjwa ambao haujatajwa jina. Mke aulize kwa upole, na mume ajibu kwa ukweli.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukifika miaka 45 zungumza na daktari juu ya tezi dume. Nguvu zikipungua, pima kwanza shinikizo la damu, sukari na moyo. Sigara iache, pombe ipunguze, mwili uufanyishe kazi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa maradhi haya, mficha uchi anaweza pia kuacha wajane na yatima.