Majeruhi Hahitaji Mahubiri

Bodaboda ikiingia mtaroni saa tano usiku, kijijini swali la kwanza mara nyingi si "kaumia wapi?" Swali ni "alikuwa kalewa?" Na jibu likiwa ndiyo, huruma inapungua nusu. Hospitalini nako mambo hayatofautiani sana. Mtu anashonwa, anafungwa hogo, anapewa dawa za maumivu, na wakati wa kuondoka anasindikizwa na sentensi moja: "Na hizo pombe uache." Basi, imeisha. Wiki sita baadaye hogo linatolewa na jioni hiyo hiyo yuko kilabuni.

Iko njia nyingine, na imefanyiwa kazi hapa hapa Kilimanjaro. Nimeamua kuiandikia kwenye jarida letu kwa sababu nilipoisoma niliona kwamba, ukiitazama vizuri, ni somo la ualimu lililovaa koti la hospitali.

Tuanze na kutenganisha vitu viwili ambavyo sisi huviweka kwenye kapu moja. Kuna mtu ambaye pombe imemshika: asipokunywa asubuhi anatetemeka. Na kuna mtu ambaye siku nyingi yuko sawa, analima, anaendesha boda, anasomesha, lakini Jumamosi anakunywa mpaka hajui amepandaje pikipiki. Huyu wa pili hajioni mgonjwa, na majirani nao hawamwoni hivyo. Wataalamu wanaita huo unywaji hatarishi. Idara ya dharura inawaona watu wa aina hii wengi, kwa sababu ajali haingoji mtu awe mlevi wa kudumu. Usiku mmoja unatosha.

Utamjuaje? Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 linaloitwa AUDIT. Lilitengenezwa kwa kushirikisha nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo, kwa hiyo hatuwezi kusema ni kitu cha Wazungu tu. Maswali ni ya kawaida kabisa. Unakunywa mara ngapi? Ni mara ngapi unakunywa vinywaji sita au zaidi kwa wakati mmoja? Je, wewe au mtu mwingine amewahi kuumia kwa sababu ya kunywa kwako? Majibu yanapewa alama, jumla ni 40, na mtu akifika 8 ndipo mazungumzo yanapohitajika. Akifika 20 na kuendelea, huyo anahitaji msaada mkubwa kuliko mazungumzo.

Sasa hapa ndipo kijiji kinapomkwamisha mtaalamu. "Kinywaji kimoja" kwa hesabu za shirika hilo ni gramu 10 za kilevi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani ukisema umekunywa bia tatu, kwa hesabu hiyo ni sita. Hiyo ni bia ya kiwandani, yenye lebo. Mbege je? Inatokana na ndizi na ulezi, na ukali wake unategemea mpishi na siku ilizokaa. Inanywewa kwenye kata, na kata inazunguka mikononi mwa watu watano. Gongo ndiyo kabisa, hakuna anayejua ndani ya kile kichupa kuna nini. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini kiu haikupigwa marufuku. Kwa hiyo nesi anayeuliza "vinywaji vingapi?" bila kuuliza ni kinywaji gani, kwenye chombo gani, na mmekunywa wangapi, anaandika namba isiyo na maana.

Kuhusu mazungumzo yenyewe, utafiti unaotajwa sana ni wa Seattle, Marekani, uliochapishwa mwaka 1999 na Larry Gentilello na wenzake. Walichukua majeruhi waliolazwa ambao vipimo vilionyesha wana tatizo la pombe. Kundi moja lilifanyiwa mazungumzo ya mara moja tu, kama nusu saa, kisha likatumiwa barua baadaye. Kundi la pili halikupata. Baada ya mwaka, waliozungumza walikuwa wamepunguza karibu vinywaji 22 kwa wiki, na wenzao karibu 7. Na waliofaidika zaidi ni wale wenye tatizo dogo au la kati, yaani yule mtu wetu wa Jumamosi.

Kwa nini kitandani? Kwa sababu pale kidonda kinauma, pikipiki imekwisha, na mtu kwa mara ya kwanza anaunganisha mwenyewe kitu A na kitu B. Sisi wa ualimu tunaambiwa kila siku kuhusu utayari wa mwanafunzi. Hapo ndipo upo.

KCMC pale Moshi, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walichukua wazo hili wakalitengeneza upya kwa Kiswahili na kwa mazingira yetu. Wakaliita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Angalia neno la kwanza: punguza. Halikuandikwa "acha". Anayeendesha mazungumzo ni nesi aliyefunzwa, wala haihitaji daktari wa akili, ambaye huko vijijini utamtafuta mpaka uchoke. Na baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, wapo wanaotumiwa ujumbe mfupi wa simu kuwakumbusha. Kwa mtu ambaye nauli ya kurudi kliniki ni mkungu mzima wa ndizi, simu ndiyo kliniki yenyewe.

Mazungumzo ya aina hii yana hatua nne. Kwanza nesi anaomba ruhusa. Yaani anaomba kweli: "Shikamoo baba. Naomba tuongee kidogo kuhusu pombe, kama uko tayari." Kwa mila zetu hili si pambo. Nesi wa miaka 25 kumuuliza mzee habari za pombe bila hodi ni kumvunjia heshima, na mzee aliyevunjiwa heshima hajibu ukweli. Pili, anamrudishia majibu yake: umepata alama hizi, maana yake ni hii, wewe unaionaje na hii ajali? Halafu ananyamaza. Tatu, anamwambia, kwenye ngazi ya moja hadi kumi, uko tayari kiasi gani kubadilika? Mgonjwa akisema nne, mimi na wewe tungeuliza "kwa nini nne tu?" Nesi anauliza kinyume: "Kwa nini hukusema mbili?" Hapo mgonjwa inabidi atoe mwenyewe sababu za kubadilika. Watoto, mkopo wa pikipiki, mama yake. Nne, wanakubaliana lengo, na lengo linatoka mdomoni kwa mgonjwa.

Lile swali la "kwa nini hukusema mbili" nimelijaribu kwenye mazoezi ya kufundisha kwa kijana wa kidato cha pili aliyekuwa hafanyi kazi za nyumbani. Sidai kwamba aligeuka kuwa profesa. Lakini aliongea dakika tano mfululizo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya darasani kwangu.

Baba yangu mdogo alivunjika mguu kwa ajali ya namna hii miaka mitatu iliyopita. Hospitali aliyotibiwa siitaji. Mguu walimtibu vizuri sana, lakini kila aliyepita kitandani alimpa neno lake kuhusu pombe mbele ya watu. Mwishoni akawa anajibu "ndiyo" kwa kila kitu ili waondoke. Alipotoka alikunywa zaidi, na ukimuuliza anasema, "Kwani si mimi ni mlevi? Walishasema." Nikisoma zile hatua nne huwa namfikiria yeye. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja.

Kuna mtu atasema, haya yote ni ulaini, walevi wanataka sheria. Sheria ina sehemu yake, sikatai. Ila sheria hiyo hiyo inafika mpaka kitandani. Majeruhi wa ajali anahitaji PF3 kutoka polisi, na akiona karatasi nyingine inauliza habari za pombe anadhani zinakwenda sehemu moja. Atakana mpaka asubuhi. Kwa hiyo nesi asipoanza kwa kumhakikishia kwamba majibu haya ni ya matibabu na hayaendi kituoni, anapoteza muda.

Halafu kuna kijiji kinachomsubiri. Kwa Wachaga mbege iko kwenye posa, kwenye msiba, kwenye kusuluhisha ugomvi wa ukoo. Kuikataa kata ni kuwakataa watu. Na aliyeipika ni mama anayelipa ada kwa pesa hiyo. Baadhi yetu tumefika chuoni kwa pesa hiyo. Lengo la "sitakunywa tena" linakufa kwenye msiba wa kwanza. Lengo kama "nitapokea kata moja, na siku hiyo pikipiki inabaki nyumbani" lina nafasi ya kuishi.

Mazungumzo haya hayamfai kila mtu, na hapa kosa linaweza kuua. Mnywaji wa kila siku akilazwa ghafla bila pombe anaweza kuanza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege ndani ya siku mbili. Huyo anahitaji dawa na uangalizi. Kumwambia "punguza" haitoshi, na kumwambia "acha leo" ni hatari.

Linabaki suala la muda. Dakika 15 hadi 30 ni nyingi kwa nesi aliye peke yake zamu ya usiku, na mgonjwa aliyeletwa amelewa hasikii kitu saa hizo. Kwa hiyo mimi naona wakati wake ni asubuhi ya siku ya pili, wodini, pombe imeshatoka kichwani na maumivu bado yapo. Na nesi asubiri ndugu watoke kwenda kuchukua uji. Mbele ya mke wake, hakuna mwanaume atakayetaja idadi ya kweli.